Kabla hujamwita dalali, ipitie nyumba yako kama mnunuzi

Aliyeishi kwenye nyumba miaka mingi haioni tena. Anajua mlango wa stoo unafungwa kwa kuunyanyua kidogo, anajua koki ya bafuni inataka kukazwa kwa nguvu, na ile alama ya kahawia kwenye dari ya korido haimsumbui kwa sababu paa lilishazibwa siku nyingi. Mnunuzi anayekuja Jumamosi saa nne asubuhi hana mazoea hayo. Kila anachokiona anakipigia hesabu, na hesabu yake siku zote inazidi gharama halisi, maana hajui tatizo limeanzia wapi na limeishia wapi. Koki moja inayovuja, kwake ni swali kuhusu mabomba yote yaliyofukiwa ukutani. Bei inaanza kushuka hapo, kabla hamjakaa kuongea.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya muuzaji ni kuondoa maswali. Urembo uje baadaye, na sehemu kubwa ya urembo hata hauhitajiki.

Anzia barabarani, pale gari linapoiacha lami. Uwe Njiro, Sakina au Moshono za Arusha, au Soweto ya Moshi, mnunuzi ameshaanza kuihukumu nyumba kabla hajaiona. Tembea njia nzima kwa miguu ukiwa na simu, na piga picha kila baada ya hatua hamsini. Picha ni muhimu kwa sababu jicho lililozoea linaruka vitu ambavyo kamera hairuki: rundo la mchanga lililobaki tangu ujenge, mfuko wa taka uliopasuliwa na mbwa, tope mbele ya geti. Shimo lililo mbele ya geti lako lizibe kwa moramu au kokoto, hata kama ni la mtaa mzima. Gari likigonga chini hapo, mnunuzi anaingia uani akiwa tayari amenuna.

Ujue pia kwamba wanunuzi makini huja mara ya pili bila kukuambia. Wanakuja usiku kusikiliza kelele, au wanasimama kijiweni kwa bodaboda na kuuliza, “Dogo, huku masika maji yanaingia?” Kijana atajibu ukweli, hana sababu ya kukusitiri. Basi jibu lako na la bodaboda yafanane. Ukisema hapana na yeye akasema ndiyo, umepoteza mauzo yote, wala hutajua kwa nini simu haikupigwa tena.

Ukishaingia uani, tazama juu kwanza. Gata (mifereji ya ukingo wa paa) zilizojaa majani ya mgrivea au mparachichi humwaga maji ukutani, na alama zake zinaonekana kama michirizi myeusi chini ya fishabodi, ule ubao wa ukingo wa paa. Safisha gata, kisha mwaga ndoo mbili za maji upande wa juu na uangalie kama yanatoka yote kwenye bomba la kushusha au yanadondokea kwenye maungio. Misumari ya bati iliyolegea au yenye raba zilizokauka ibadilishwe sasa. Bati lenyewe likiwa limepata kutu sehemu chache tu, badilisha yale mabovu peke yake. Kupaka rangi juu ya kutu bila kuikwangua ni kupoteza pesa, maana itabanduka mvua za kwanza.

Halafu harufu. Hili wenye nyumba hawalijui kabisa, kwa sababu pua inazoea haraka kuliko jicho. Mwite mtu asiyefika kwako mara kwa mara, mfungulie mlango uliokaa umefungwa usiku kucha, umuulize ananusa nini. Mara nyingi harufu ya choo haitokani na karo la maji taka kujaa. Chanzo ni bafu la wageni lisilotumika: ile kona ya bomba chini ya sinki na kwenye tundu la sakafuni hushika maji kama sentimita tano yanayozuia hewa ya karo isipande, na maji hayo yakikauka harufu inaingia ndani. Dawa yake ni ndoo ya maji kila wiki hadi nyumba iuzwe. Kama harufu inabaki, angalia bomba la hewa la karo: linatakiwa lipande juu ya paa, na wengi wamelikatia chini ya dirisha. Mifuniko ya chemba za maji taka nayo iwe mizima na ifunguke, kwa sababu fundi wa mnunuzi ataifungua. Na kama karo halijanyonywa kwa miaka, ita gari la maji taka mapema, usilichanganye na siku ya wageni.

Sasa unyevu, ambao ndio unaoshusha bei za nyumba nyingi Arusha, hasa zinazotazamwa kuanzia Machi hadi Agosti. Ukuta unaovimba rangi chini, karibu na sakafu, ukiwa na unga mweupe, unamwambia mnunuzi kwamba msingi una shida. Mara nyingi msingi hauna shida yoyote. Sababu za kawaida ziko nne na kila moja ina dawa yake: udongo wa nje umejazwa ukapita usawa wa sakafu ya ndani, bustani ya maua imegusa ukuta na inamwagiliwa kila jioni, nyumba haina gata na matone ya paa yanarukia ukutani, au bomba linavuja ndani ya ukuta. Ya tano, nayo ni ngumu kweli, ni nyumba iliyojengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi.

Anza na bomba kwa sababu ni rahisi kupima. Funga koki zote, hakikisha tanki limejaa na boya limekata, kisha nenda kwenye mita ya maji utazame ile nyota ndogo kwa nusu saa bila mtu yeyote kutumia maji. Ikizunguka, kuna mahali panapovuja kati ya mita na tanki. Kwa mabomba yanayotoka kwenye tanki kuingia ndani, funga maji yanayoingia kwenye tanki, weka alama ya usawa wa maji jioni na uitazame asubuhi. Kama yote yako sawa, chukua kipande cha nailoni angavu cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike kwa selotepu pande zote nne juu ya sehemu yenye madoa, ukiache usiku kucha. Matone yakiwa upande wa ndani wa nailoni, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni mvuke wa chumbani, na hapo unachohitaji ni kufungua madirisha na kuondoa kabati lililobanwa kwenye ukuta wa nje.

Kosa linalofanyika karibu kila mahali ni kupaka rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye unyevu ili “uonekane safi”. Rangi ya mafuta inafungia maji ndani, nayo yanatafuta pa kutokea. Baada ya wiki chache rangi inafura malengelenge, na mnunuzi anayeyaona anajua kuna kitu kilifichwa. Njia sahihi ni ya taratibu. Chimba udongo wa nje mpaka uwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 15 angalau. Hamisha maua. Gonga lipu yote iliyoharibika hadi nusu mita juu ya pale alama ya unyevu inapoishia. Ile chumvi nyeupe ifagie kwa brashi kavu, usiioshe, kwa sababu maji yanairudisha ndani ya tofali. Acha ukuta wazi ukauke kwa wiki kadhaa, kisha piga lipu mpya ya sementi moja kwa mchanga safi nne, ukiweka dawa ya kuzuia maji kwa kipimo cha kwenye pakiti. Subiri wiki nne kabla ya rangi, na rangi iwe ya maji. Kwa kuwa kukausha ndiko kunakokula muda, kazi hii ianze Januari au Agosti. Ukianza Aprili, ukuta hautakauka na fundi atakuambia umekauka.

Kwenye dari kuna jambo dogo linalowashinda wengi. Umeziba paa, ukapaka jipsamu rangi nyeupe ya maji, na baada ya siku mbili ile ramani ya kahawia imerudi. Doa la maji hupenya rangi ya maji. Paka kwanza mkono mmoja wa rangi ya awali yenye asili ya mafuta juu ya doa na sentimita chache kulizunguka, iache ikauke kabisa, ndipo upake rangi ya maji. Hapa mafuta hayana madhara kwa sababu jipsamu imeshakauka.

Nyufa nazo mnunuzi huziingizia ukucha. Zile nyembamba kama uzi zilizotawanyika kama utando wa buibui ni za lipu tu, iliyokauka haraka bila kumwagiliwa. Zinazoanzia kwenye pembe ya dirisha na kupanda mshazari, au zinazoonekana ndani na nje mahali palepale, ni habari nyingine. Kwenye maeneo ya udongo mweusi wa mbuga, udongo unavimba masika na kusinyaa kiangazi, na nyumba inacheza nao. Weka alama ya penseli kwenye ncha ya ufa na uandike tarehe pembeni. Usipozidi alama kwa miezi mitatu inayokutanisha mvua na jua, umetulia: upanue kwa patasi uwe na umbo la V kina cha sentimita moja, loanisha, jaza. Ukiendelea kukua, au upana wake ukizidi milimita 5, mlete mhandisi aandike maoni yake kwenye karatasi. Ripoti ya ukurasa mmoja inayosema ufa huu ni wa nini na dawa yake ni nini ina thamani kuliko ukuta uliozibwa jana na kupakwa rangi tofauti kidogo na ukuta wa pembeni. Alama za penseli usizifute, mwonyeshe mnunuzi.

Maji ya bombani yanapimwa kwa mkono. Mnunuzi atafungua koki ya jikoni, atavuta choo, kisha atafungua shawa. Tanki lililo juu ya mnara mfupi halitoi presha ya kutosha, na shawa ya umeme haiwaki maji yakija taratibu. Asubuhi ya Julai Arusha, hilo litamkaa kichwani kuliko marumaru zako. Kabla hujafikiria kununua pampu, fungua kichwa cha shawa ukiloweke kwenye siki usiku mmoja, kwani mara nyingi ni vitundu vimeziba kwa chokaa ya maji. Jiandae pia na swali la madini ya floraidi. Maji ya visima vingi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, watu wanaiona kwenye meno ya watoto, na mzazi mwenye mtoto mdogo atauliza. Kama nyumba ina kisima, peleka maji yapimwe na uweke matokeo kwenye faili. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Usimwambie mtu “tunachemsha tu”. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua, yenyewe inabaki.

Umeme upitie chumba kwa chumba ukiwa na chaja ya simu, soketi zote. Isiyofanya kazi itengenezwe au iondolewe na pafunikwe. Kama wapangaji wa vyumba vya uani wanatumia LUKU moja na nyumba kubwa, mnunuzi aambiwe, maana ugomvi wa umeme atakaourithi ni wake.

Mwanga ndio kitu pekee kinachopendeza bila gharama. Ondoa mapazia mazito, osha nyavu za madirisha kwa maji na sabuni, punguza matawi yanayoziba dirisha la sebule. Nyavu zenye vumbi la miaka hukata mwanga kuliko watu wanavyodhani. Osha moja, linganisha na ya pembeni yake, utaona. Ondoa nusu ya samani za sebuleni. Seti kubwa ya makochi inafanya chumba kizuri kionekane njia ya kupitia. Picha za ukutani, vyeti na kalenda za kanisa au za msikiti zipumzike kabatini, ili mgeni aione nyumba badala ya familia yako.

Saa ya miadi uichague wewe. Kama dirisha lako linaona Kilimanjaro, mnunuzi aje mapema asubuhi au jioni kabla jua halijazama, maana katikati ya siku kilele cha Kibo mara nyingi huwa ndani ya mawingu na maneno yako hayatamsaidia. Moshi, iliyo chini kwa mamia ya mita kuliko Arusha, asubuhi ni bora kwa sababu nyingine pia: saa nane mchana chini ya bati lisilo na matundu ya hewa kwenye dari, mtu anataka kutoka tu.

Rangi inatosha kwa kiasi hiki: chumba cha mita 3.5 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.8 kina ukuta wa mita za mraba kama 38 ukitoa mlango na dirisha. Lita moja kwenye ukuta laini inafunika karibu mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, hivyo mikono miwili ni lita 8. Ndoo ya lita 20 inamaliza vyumba viwili na inabaki ya kuziba makosa. Chagua nyeupe inayoelekea krimu kidogo, nyumba nzima rangi moja. Na hapo simama. Usibadilishe makabati ya jikoni, usiweke jipsamu mpya yenye taa za rangi, usimwage pevingi uani. Mnunuzi hatakulipa ulichotumia, na wengi watayabomoa kwa ladha yao.

Yapo mambo yasiyorekebishika, na haya yasemwe kwenye simu ya kwanza. Mto ni mojawapo. Arusha ina Themi, Naura na makorongo mengi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hifadhi ya barabara kuu ni nyingine: tangu Sheria ya Barabara ya 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Pima kwa futi kamba mwenyewe kabla mnunuzi hajapima. Na kwa nyumba za vijijini Kibosho, Uru, Marangu au Machame, kuna makaburi. Kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachaga, chenye makaburi ya wazee si sawa na kiwanja cha mjini, na pesa ya mtu mmoja haimalizi neno la ukoo. Bila familia kukaa na kukubaliana kwa maandishi, yakiwemo makaburi yatabaki au la na nani ataruhusiwa kuyafikia, usiitangaze nyumba hiyo. Mnunuzi anayeyagundua nyuma ya migomba siku ya tatu hatarudi, naye ana haki.

Dalali mchague mmoja, au kama ni wengi, wape bei moja iliyoandikwa. Nyumba ileile ikionekana kwenye makundi ya WhatsApp kwa bei tatu, mnunuzi anaamini ya chini kabisa na anaanza kushuka kutoka hapo. Bei iwe kwa shilingi. Kanuni za 2025 zimekataza kutaja bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, hata mji huu wenye watalii. Asiye raia naye kwa kawaida hawezi kumilikishwa ardhi ila kwa uwekezaji, hivyo usimsubiri “mzungu” ambaye dalali anakuahidi. Wanaonunua wakiwa nje ya nchi ni Watanzania wanaotuma ndugu na simu ya video: hakikisha mtandao unashika ndani, na mwache ndugu huyo apige picha za chemba na paa bila kumfuata nyuma.

Mwisho ni faili, ambalo mnunuzi analisoma kama anavyousoma ukuta. Weka nakala ya hati au ofa (barua ya kupewa kiwanja), ramani ya upimaji, stakabadhi za kodi ya ardhi hadi mwaka huu, ankara ya mwisho ya maji, na matokeo ya upekuzi wa ofisi ya ardhi uliofanya wewe mwenyewe kwanza. Mawe ya mipaka yafukuliwe yaonekane yote manne. Kama ni nyumba ya ndoa, ridhaa ya mwenzi iandikwe mapema, kwa kuwa kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinamlinda hata kama jina lake halimo kwenye hati. Kama ni ya urithi, barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi iwe juu kabisa. Na risiti za ujenzi, zile za nondo, bati na fundi, usizitupe: zinamwonyesha mnunuzi kilichomo ndani ya ukuta asioweza kuuvunja, na Mamlaka ya Mapato (TRA) wakikokotoa kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo ni juu yako muuzaji, gharama zenye ushahidi ndizo zinazopunguza faida inayotozwa. Bila cheti chao cha malipo umiliki hauhamishwi, kwa hiyo anza nao kabla hujapokea hata shilingi ya awali.